Seli Zisipigwe na Baridi

Kwenye treni ya asubuhi, binti aliyekumbatia kisanduku alimwomba mama mmoja mshonaji, futi shingoni, afunge dirisha. "Nimebeba seli hai, mama. Leo wageni wanakuja kuona hadubini yetu inavyoonyesha seli zikitema majimaji. Zikipigwa na baridi hazitemi, na wageni wasipoona kitu, kampuni yetu changa ndiyo basi."

"Na mimi nikifa kwa joto, mwanangu? Zifunike! Hata kichanga hufunikwa, hakifungiwi dirisha." Mimi niliyeketi mkabala nao nimelea watoto wanne, na mshonaji alisema kweli, ila sikuulizwa.

"Vituo viwili tu, mama!"

"Hata kimoja sifungi."

Treni iliposimama, binti alishuka amenuna nusu, amecheka nusu, kisanduku kimeviringishiwa mtandio aliopewa na mshonaji. "Haya, zikateme huko!" mama alimpigia kelele dirishani. "Na kesho nikikukuta, dirisha ni lilelile!"