Mufuko wa Kilo Makumi Tatu wa Adjudant Mwenze

Baba padri, bamama na bababa ba Kampemba, bakubwa ba camp, rafiki ba kazi, mukae pale mulipata nafasi, na mwenye kukosa kiti asimame bila kulalamika, kwa sababu marehemu hakupenda muntu wa kulalamika, na mimi mwenye kusoma mbele yenu kwa jina la jamaa niko Adalbert Kunda, mudogo yake wa tumbo moja, alinitangulia kutoka mu ile tumbo kwa miaka mbili na hakuacha hata siku moja kunikumbusha.

Albertine Mwenze alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 1950, ku camp ya bafanyakazi ba reli, wakati huu muji ulikuwa unaitwa bado Élisabethville, baba yetu Kunda Kapya alikuwa fundi wa reli, alitoka Kabalo, na mama yetu Germaine, mwenye iko hapa mbele, alitoka Kongolo, mama, pole, pole sana. Mama ameniomba niseme kama mutoto alizaliwa na kilo ine na nusu, na sage-femme, ule mama wa kuzalisha, alimupima mara mbili juu hakuamini macho yake.

Alianza masomo ku masista mwaka 1956, akamaliza primaire mwaka 1962, kisha akaingia foyer social kujifunza kushona na kupika gâteau, ile keki, akatoka kule mwezi wa saba 1966, na sista mukubwa aliandika mu bulletin kama huyu mutoto anashona muzuri lakini anabishana, ile bulletin tuko nayo ku nyumba, kama kuko mwenye mashaka.

Tarehe 1 mwezi wa pili 1968 alipata kazi ku kantini ya mine, ya mugodi, kugawia bamama posho ya unga na samaki ya kukauka, na pale njo mukono yake ilijua kilo, alikuwa ananyanyua mufuko, anafunga macho, anasema hapa inakosa nusu kilo, bantu banapima, kumbe ni kweli, inakosa nusu kilo. Alifanya ile kazi miaka sita bila kuibia muntu hata samaki moja.

Mwezi wa kwanza 1974 balitafuta bantu ba kuingia mu kikosi cha basoda ba parachute, mu camp moja ya instruction upande wa njia ya Kinsevere, tukajiandikisha sisi babili siku moja, na mama akalia sana, mimi alinililia juu nitakufa, Yaya, dada yangu mukubwa, alimulilia juu ya patalo, ile suruali, kwa sababu ile wakati mwanamuke kuvaa patalo mu muji ilikuwa kesi. Basi Yaya akawa anatoka nyumbani na pagne, kitenge ya kufunga, juu ya patalo, akifika ku mulango wa camp anaikunja, anaiweka mu sakoshi, na magaribi anaivaa tena, anarudia nyumbani kama muntu alitoka kusali.

Commandant wa ile camp, sitataja jina yake, alikuwa muntu wa heshima na wa moustache, alisema mbele ya kikosi kama mu mutihani wa mwisho banaume batabeba mufuko ya muchanga ya kilo makumi tatu, banamuke kilo kumi na tano, na banamuke batakuwa na liste yao mbali. Banamuke balikuwa batano, bane balifurahi, na hata mimi ningefurahi, lakini Yaya akanyoosha mukono, akauliza kama siku ya vita masasi ya bunduki nayo itapunguzwa uzito kwa banamuke. Balimupa azabu ya pompes makumi ine, kulala chini na kujisukuma na mikono, akauliza kama ni pompes za banaume ao za banamuke.

Hakutaka pesa, hakutaka galon ya cheo, alitaka kitu moja tu, jina yake ikae mu liste moja na bengine, akaandika barua, akaandika ya pili, ku barua ya tatu commandant alichoka, akasema muzuri, beba kilo makumi tatu, kutoka karibu ya Kinsevere mpaka hapa ku mulango, kilometre makumi tatu, kwa saa tano, lakini ukichelewa dakika moja ao mufuko yako ikikosa kilo moja, hakuna mwanamuke atarudia kuingia mu hii mafunzo. Bale bane bengine balimukasirikia kabisa, na balikuwa na haki, juu sasa alikuwa amebeba na bahati yao.

Siku ya mutihani ilikuwa samedi tarehe 17 mwezi wa munane 1974. Sasa, sergent wa magasin, mwenye kugawa mifuko, alikuwa na roho muzuri, na ile roho muzuri ilitaka kuharibu kila kitu, kwa sababu asubuhi alimuhurumia Yaya kimya kimya, akapunguza muchanga mu mufuko yake bila kumwambia. Tulitembea, ku kilometre ya kenda namuona Yaya anasimama katikati ya njia, anapandisha mufuko, anashusha, anafunga macho, ananiambia, Adalbert, hii mufuko iko na bongo, inadanganya. Kando ya njia bamama balikuwa banaenda ku soko na viazi, moja, Mama Delphine, alikuwa na balance ya kutundika, akapima, kilo makumi mbili na mbili. Yaya akamuomba viazi kilo munane na nusu, na mama yule alicheka mpaka akakaa chini, akasema, mawee, bengine banapunguza muzigo, wewe unaongeza, kichwa yako iko muzima kweli?

Mimi nilimupita pale, na hapa, bapendwa, naomba mutazame chini kidogo, kwa sababu mbele kidogo, ku kamutoni, kale kamuto kadogo ka maji, nilifungua mufuko yangu na nikamwanga muchanga, na sikuwa peke yangu, ile njia ilikuwa nyeupe na muchanga ya banaume.

Yaya alifika kisha saa ine na dakika makumi tano na mbili, midomo imepasuka, akasimama sawasawa mbele ya commandant, akasema, mon commandant, mupime. Balipima, kilo makumi tatu na nusu, na sergent wa magasin akabaki na kinywa wazi. Bantu balikuwa banapiga mikono, na mimi pia, mpaka pale alisema kwa heshima yote, sasa mupime na ya bengine. Yo! Banaume tulikuwa makumi mbili na batatu, kenda tulikosa kilo, na mufuko yangu mimi ilikuwa na kilo kumi na kenda. Liste ya brevet, ile cheti ya mafunzo, ikatoka, banaume kumi na bane na mwanamuke moja, kwa alphabet, bale banamuke bane ba kilo kumi na tano mu liste yao mbali, na mimi nikatafuta kazi ya kukaa.

Sikumusemesha miezi saba, alikuwa anakuja nyumbani kila dimanche kisha misa, anaweka bukari, ugali yetu, mbele yangu, anakula naye kimya, mpaka siku moja nikacheka.

Tarehe 25 mwezi wa kenda 1976 alifunga ndoa mu parokia yetu na Rigobert Mukuka, fundi wa kushona, muntu mupole, mwenye hakukimbia hata siku moja mu maisha yake, na balizaa batoto batatu, Régine mwaka 1977, Clovis mwaka 1979, Bijou mwaka 1982. Tangu 1977 alifundisha mu ile camp, akapata galon ya adjudant, akakubalisha banamuke makumi mbili na batatu, akaangusha bengi kupita pale, na naona bale aliangusha njo banalia zaidi leo.

Ugonjwa wa tumbo ulimushika mwezi wa pili 1985. Kisha opération muganga alisema atembee metre kumi kila siku, akauliza banaume ba salle ingine banatembea metre ngapi, balimwambia makumi mbili, akatembea makumi mbili, anashika ukuta, anatukana ukuta. Lundi tarehe 9 mwezi wa sita 1986, saa ine ya asubuhi, alituacha, na nyumba yetu imekuwa na kimya yenye sijazoea, nasema kweli, nilikuwa namuogopa na nilikuwa namupenda.

Juzi barua ilitoka ku camp, inasema kama adjudant anabebwa na basoda sita mpaka ku kaburi, lakini kwa mwanamuke ni batatu, mpaka ku mulango wa nyumba. Jana nilivaa abacost yangu, koti ya heshima, nikakaa mbele ya bureau ya commandant wa sasa, kijana, tangu saa mbili mpaka akanipokea. Aliniuliza, na wewe ulifanya ile mafunzo? Miaka kumi na mbili nilikuwa nadanganya bantu ku kazi kama niko na brevet. Nikamwambia, nilikosa, commandant, nilikosa kilo kumi na moja, yeye hakukosa hata moja, na kama ningepata ile galon yake mungenitumia basoda sita. Alikamata kalamu, akakata ile batatu.

Jamaa inashukuru muganga Clément na bauguzi, majirani ba avenue yetu balileta makala ya kupikia na unga bila kuitwa, rafiki ba camp, na commandant kwa ile kalamu. Basoda iko hapa nyuma yangu, banaume bane na banamuke babili, bote ni banafunzi yake, mubahesabu ninyi wenyewe, ni sita.

Yaya Albertine, enda pumzika, na Mungu akupe amani nzima, si nusu.