Mke wa Cheche Huenda Wapi Alfajiri

Benchi lile kwanza lilikuwa ubavu wa kitanda cha mtu aliyehama mtaa. Cheche aliuwekea miguu ya chuma, akauegemeza kwenye ukuta wa ghala, kati ya karakana yake ya kuchomelea na kibanda cha kinyozi, na tangu siku hiyo kona ikapata wenyewe. Mkasi, kinyozi, hukaa upande wa kwake ili amwone mteja akitokea. Gia Tano, dereva wa malori aliyestaafishwa na magoti, hukaa katikati kwa sababu akishakaa hahamishiki. Shangazi, muuza kahawa, hana haja na benchi. Ana kigoda chake, jiko la mkaa, na birika ambalo ndilo linaloamua kikao kianze lini. Cheche huja wa mwisho, miwani ya giza kaipandisha kwenye paji la uso, shati limetobokatoboka kwa zile cheche zilizompa jina. Kwa kawaida ndiye mwenye stori. Lakini tangu arudi na familia yake kutoka likizo ya watoto, kule shambani kwa shemeji yake, alikuwa anakunywa kahawa kama mtu anayemeza dawa, na wenzake walikuwa wamevumilia vya kutosha.

— Cheche, alisema Gia Tano bila kumtazama, mkeo nimemwona asubuhi.

— Wengi wanamwona. Anafanya kazi.

— Nasema asubuhi ya kiza, bwana. Ile ambayo mimi magoti yananiamsha. Kapita hapa ghalani, kajitanda mtandio, anatembea taratibu kama mtu asiye na anakokwenda.

Cheche alikizungusha kikombe mkononi. Angeweza kuzuga. Angeweza kusema anawahi zamu, maana mkewe alikuwa mpiga pasi katika chumba cha nguo cha hospitali, na wenye zamu huondoka mapema. Lakini jambo hilo alikuwa amelibeba peke yake tangu warudi, na lilikuwa limemchosha.

— Hutoka kila siku, alisema. Kabla hakujapambazuka. Anazunguka huko anakozunguka, anarudi, anawasha jiko, anaamsha watoto. Hasemi kitu.

— Na wewe?

— Mimi nimelala.

— Umelala, au umefumba macho?

Mkasi akaacha kunoa wembe.

— Mimi sisemi neno baya, alisema Mkasi, na wote wakajua linakuja neno baya. Ila nimeshika vichwa vya watu wengi, na mtu akinyolewa hutoa ya moyoni. Mwanamke anayetoka alfajiri ana mtu.

— Mtu gani huyo anayeamka saa hizo? aliuliza Shangazi. Wanaume wa kuiba wake za watu hulala mpaka jua la utosi.

— Basi anafanya mazoezi. Kuna mashindano ya kukimbia, nasikia zawadi ni pikipiki.

— Gia Tano kasema anatembea taratibu.

— Ndiyo anaanza taratibu, Shangazi. Hakuna anayeanza kwa kukimbia.

— Nyie barabara hamzijui, alisema Gia Tano. Cheche, kule shambani mlikwenda kwa njia ipi? Si ile inayopita kituo cha mafuta, unavuka reli, unashika juu?

— Hiyohiyo.

— Basi mambo yako wazi. Mwenzako anajifunza njia. Leo kafika ghalani, kesho kituo cha mafuta, keshokutwa reli. Siku moja atafika mahali hatageuza.

Mkasi alicheka. Gia Tano naye alikuwa ametania tu, lakini Cheche aliweka kikombe chini, kwenye vumbi, na Shangazi alikiona kile kikombe kilivyowekwa.

— Hebu acheni, alisema. Cheche mwanangu, kwani huko kulitokea nini?

Hakujua aanzie wapi, kwa sababu hakukutokea kitu. Hilo ndilo lililomsumbua. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa msimamizi wa ng'ombe katika shamba la mtu, akawapa nyumba tupu ya msimamizi aliyetangulia. Vyumba viwili, na madirisha yasiyo na nondo. Usiku wa kwanza Cheche, ambaye riziki yake ni kuwafungia watu madirisha kwa chuma, alikesha akilitazama lile tundu jeusi. Baada ya siku chache alilala humo kama gogo. Watoto wakapotea kwenye mahindi mchana mmoja, mpaka binti yake akaona punda, akamshika mdogo wake mkono, wakafuata mkia wa yule punda hadi zizini, kisha wakaja nyumbani wanajivuna kana kwamba ndio waliompata punda aliyepotea. Wakajenga bwawa la mawe kijitoni, likavunjika, wakajenga lingine. Na kila alfajiri yeye na mkewe walitumwa maziwa.

— Mlitumwa? aliuliza Mkasi. Watu wazima?

— Shemeji alisema watoto watayamwaga njiani. Kwa hiyo tunakwenda sisi, na ndoo ndogo yenye kifuniko kisichobana. Tunatoka kiza, tunarudi kumekucha. Katikati kuna kijito, na gogo la kuvukia. Mimi maji siyawezi. Mke wangu anavua viatu, ananishika mkono, ananivusha kama mtoto wa chekechea.

— Na njiani mnaongea nini?

— Upuuzi. Nani alikoroma. Ng'ombe yupi anafanana na bosi wake wa pasi. Anacheka. Ana kicheko fulani kinaanzia puani, halafu hakizuiliki. Mimi nilikuwa nimekisahau, Shangazi. Tunakaa chumba kimoja, na nilikuwa nimekisahau.

Gari la takataka lilipita, likanuka, likaenda zake.

Wakati huo mwanamke mmoja alifika na kikaango cha chuma kilichong'oka mkono. Hakuwa akijulikana pale. Alikuwa amehamia juzijuzi nyumba za nyuma ya ghala. Cheche alishusha miwani, akaingia karakanani, akauchomelea ule mkono, akatoka na kikaango akakiweka juu ya tofali.

— Kiache kipoe, dada. Kaa hapo.

Mwanamke alikaa ukingoni mwa benchi. Cheche akakaa pia, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaendelea. Akawaeleza mambo yalivyo tangu warudi. Binti na mdogo wake wameziba mfereji wa uani kwa matofali, maji yakaingia jikoni kwa jirani. Yule mdogo hataki kulala kitandani. Analala dirishani, mdomo umegusa nondo, anasema anasikiliza kama ng'ombe wameamka. Maziwa ni ya pakiti. Mkewe anarudi kutoka kwenye pasi mikono imevimba, yeye anarudi kutoka kwenye moto macho mekundu, na maneno yao ni gesi imeisha, maji yamekatika, sare ya mtoto imechanika. Jioni moja alijaribu kuuliza nani alikoroma jana. Mkewe alimtazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, akasema, wewe, akaendelea kuchagua mchele.

— Huo ni upepo wa kijito, alisema Shangazi. Kuna vijito vina wenyewe. Mtu akivua viatu akavuka kila siku, wanamzoea. Sasa wanamwita.

— Wanamwita kwa namba gani ya simu? aliuliza Mkasi. Hapana, mimi nimeshapata. Ananunua kiwanja. Anakwenda kukagua ujenzi kabla ya zamu. Siku moja atakuletea funguo, Cheche, na utatuhama.

— Kwa mshahara wa kupiga pasi?

— Wanawake wana njia zao za kuweka akiba.

— Nitakwambia kitu, usikasirike, alisema Gia Tano, na safari hii hakuwa anatania. Uliyerudi naye siye uliyekwenda naye. Hewa inabadilisha watu. Kuna mlima nilikuwa napita na lori, ukilala pale usiku mmoja unaamka unasema na utingo wako kwa upole. Utingo mwenyewe anaogopa. Mkeo alibadilika kule, na aliyepanda gari kurudi ni mwingine kabisa.

Mkasi na Shangazi wakaanza kubishana naye kuhusu huo mlima. Cheche hakuwasikia vizuri. Alikuwa anafikiri kwamba Gia Tano kalishika jambo kwa mkia. Yule wa shambani hakuwa mgeni. Ndiye aliyemwoa, yule msichana wa kicheko cha puani. Alikutana naye kule kwa siku chache, akavushwa naye mtoni, kisha wakapanda gari pamoja, na mahali fulani barabarani, katikati ya mizigo na watoto waliosinzia, yule msichana akashuka bila kuaga. Na huenda naye anasema hivyohivyo kuhusu mumewe.

— Samahani, kaka.

Alikuwa mwanamke wa kikaango. Wote walikuwa wamemsahau.

— Mkeo akitoka, mlango anaufunga?

— Mlango upi?

— Wa nyumba. Hiyo alfajiri. Anaufunga, au anauacha?

Mkasi alimtazama Gia Tano. Gia Tano akamtazama Shangazi. Shangazi alishika birika, akaliachia. Wote wakamgeukia Cheche, na Cheche akafungua mdomo ili ajibu, maana ule mlango aliutengeneza kwa mikono yake, bawaba na komeo, na kila kitu chake anakijua. Lakini hakujua. Kila alfajiri hujifunika shuka gubigubi mkewe anaponyanyuka, na hufunua uso akishasikia jiko linawashwa.

— Sijui, alisema.

Mwanamke aligusa mkono wa kikaango kwa kidole, akaona umepoa, akalipa, akashukuru, akaenda zake. Gia Tano alitaka kurudi kwenye mlima wake lakini hadithi ikakosa nguvu. Kikao kilivunjika jua likiwa bado juu.

Alfajiri iliyofuata Cheche hakujifunika. Alimsikia mkewe akinyanyuka, akipapasa mtandio. Kisha akamsikia amesimama tu, pale pale kando ya kitanda, kwa muda ambao mtu hahitaji kusimama. Halafu nyayo zikaenda, mlango ukakwaruza sakafu. Akasubiri komeo. Halikulia.

Aliamka. Mlango ulikuwa wazi, kiasi cha mtu kupita ubavu, na hewa ya baridi ilikuwa inaingia. Viatu vyake, ambavyo jana usiku alivivua huku anatembea kama kawaida yake, kimoja huku kimoja kule, vilikuwa vimewekwa pamoja kizingitini, vikitazama nje.

Aliinama kuvivaa.

— Baba, alisema binti yake kutoka gizani. Leo umeamka.

— Wewe hulali?

— Huwa naamka akitoka. Nilikuwa nasubiri. Nenda, mdogo wangu nitamwangalia.

Alimkuta amepita kituo cha mafuta, anatembea taratibu vilevile alivyosema Gia Tano. Mkewe hakugeuka. Lakini alipunguza mwendo, na Cheche akamfikia, wakaenda bega kwa bega mpaka pumzi zake zikatulia.

— Nilidhani unachukia baridi, alisema mkewe.

— Naichukia.

Wakaenda. Mbele yao mtu alikuwa anafungua duka, anasukuma mlango wa chuma kwa goti.

— Ungenisemesha tu, alisema Cheche. Ungesema twende.

— Kule sikusema twende. Uliamka mwenyewe.

— Kule tulitumwa.

— Ndiyo, alisema mkewe akijivutia mtandio. Hapa hatutumwi na mtu. Nimezunguka kote huku. Hakuna pa kwenda, mume wangu. Ni ukuta, ni mfereji, ni mbwa. Lakini nikilala mpaka kuche, siku nzima nakuwa kama nimeacha kitu mahali.

— Basi unatafuta nini?

Mkewe aliruka mfereji kwanza, akarudi kando yake.

— Nilitaka kujua kilichonifanya nifurahi kule. Kama ni ile njia, au ni wewe.

— Na umejua?

— Peke yangu ningejuaje?

Cheche alitafuta upuuzi wa kusema, wowote, akakosa. Mkono wa mkewe ulikuwa unaning'inia karibu na wake, umevimba kwa pasi, na hakuushika, kwa sababu kushika mkono barabarani bila mto wa kuvuka lilikuwa jambo ambalo hawakuwa wamewahi kulifanya. Halafu akaushika. Mkewe hakucheka. Lakini hakuutoa.

Walifika relini. Ng'ambo kulikuwa na mtaa ambao wote wawili hawakuujua, nyumba kumi na ngapi huko zimewaka taa, mtu anafagia, redio inasema habari za hali ya hewa.

— Mimi huwa nageuzia hapa, alisema mkewe. Zamu yangu ni saa moja.

— Bado mapema.

— Kule hakuna kitu. Ni nyumba tu.

— Twende tukazione, alisema Cheche.

Wakavuka. Hewa ya mtaa ule haikuwa na harufu ya ng'ombe. Ilikuwa harufu ya moshi na sabuni ya kufulia, kama ya mtaa wowote, na wao wakaifuata polepole, mbingu ikianza kupauka juu ya mabati.