Kumi au Kumi na Moja

Kijiwe cha Majengo kilikuwa na benchi moja, birika la kahawa la Gaudensia na wajuzi wa kila kitu. Asubuhi ile, kama asubuhi nane zilizotangulia, hoja ilikuwa kompyuta ya Nestori, mwenye steshenari mlango wa pili. Ilikuwa imeandika kwenye kioo kwamba Windows 10 imefika mwisho, ahamie 11, halafu ikaongeza kwamba yenyewe haina sifa za kuhamia. Humo ndani zilikaa picha za vyeti vya uraia vya watu wa Litapunga na Nsemulwa waliowahi kuwa wakimbizi, alivyowaskania kwa miaka kumi. Cha mama yake mzazi kilikuwemo. Nestori alikaa mwisho wa benchi, akiwasikiliza.

— Usimguse Kumi, alisema Alois, ambaye kwa kelele zake waliishia kumwita Spika. Kumi mwenyeji, anajua kila faili linalala wapi. Kumi na Moja akiingia anafagia. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hapo umechemka, alidakia Ezekia, fundi redio, maarufu Dokta Waya. Kumi kaachwa na wenyewe, halindwi tena. Virusi wanaingia kama mbuzi kwenye mahindi. Ahame leo leo. Mwenda pole hajikwai!

— Kuhama si mchezo, Dokta. Shemeji yangu alihama, picha za harusi zikaruka. Kabakia bwana harusi peke yake.

— Huyo ana nafuu, alisema Dokta, akisahau upande wake. Mi nasikia Kumi na Moja anataka sura yako na jina lako. Ukikosea herufi moja, anakufungia nje ya kompyuta yako mwenyewe.

Mama yake Nestori aliwahi kuzungushwa maofisini mwaka mzima kwa herufi moja.

— Kwa hiyo nikihama vinafutika, nikibaki vinaliwa?

— Kuna baya zaidi, Spika alisema, akisogea. Kumi ana kinyongo. Nyie mngekuwa mnafukuzwa mngekaa kimya? Anaweza akajifuta mwenyewe, mpya asirithi kitu. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi!

— Anaanza kufuta nini? Nestori aliuliza.

— Vyeti. Si ndo vizito?

Hakuna aliyecheka. Spika mwenyewe alionekana kuogopa alichokisema.

Ndipo bodaboda ikamshusha mama mmoja, kitenge kimejaa vumbi la Litapunga. Nestori alimtambua akasimama.

— Shikamoo, Mama Vénérande.

— Marahaba, mwanangu. Nyumba yetu iliungua, na cheti kikaungua humo humo. Ofisini wananitaka Ijumaa. Nimefuata kile cha kwenye mashine yako.

Nestori aligeuka kumtazama Spika. Spika akamsaidia, akaeleza habari za Kumi, za Kumi na Moja, virusi, kinyongo na harusi ya shemeji. Mama Vénérande alisikiliza yote kwa adabu.

— Nimesikia, baba. Sasa mmeiwasha mkaona kama bado kimo?

Dokta Waya aliinama kutafuta ndala ambayo alikuwa ameivaa. Spika alinyoosha kikombe.

— Gaudensia, niongezee kidogo.

— Imeisha.

Nestori aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Tangu maandishi yale yatokee, alikuwa ameifunika mashine kwa shuka na kufunga duka. Siku zote zile alikuwa hapa anapima yupi bora, maana kuogopa kijiweni ni rahisi kuliko kuogopa ukiwa umekaa mbele ya kioo.

Alitoa ufunguo, akaenda mlangoni. Tundu la kufuli lilimpotea mara mbili. Mama Vénérande akauchukua ufunguo taratibu, akafungua mwenyewe, akaliondoa shuka. Benchi zima liliwafuata, likaishia kizingitini.

— Washa, mwanangu, alisema, akivuta kiti karibu na cha Nestori. Na mimi naogopa.