Sista Haika, Aliyetufundisha Kunyamaza Kwanza

Tarehe 30 Juni, Sista Haika Mmari anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya uuguzi, mingi yake katika chumba cha dharura hapa ughaibuni, Saint Paul. Alianza kwa kuogesha wazee katika makao yao kule Burnsville, akasoma huku akifanya kazi zamu mbili, akapanda hadi kiongozi wa zamu. Hakubebwa na mtu. Chai yake ya tangawizi ilikuwa kali hata madaktari wageni wakadhani ni dawa.

Miaka mitatu iliyopita aliomba kuzungumza na wazazi kanisani, Brooklyn Park. Watoto wetu, alisema, wananusa makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta, rangi ya kupuliza, hata petroli. Alipewa dakika kumi, baada ya saa nzima ya kupanga nyama ya pikiniki. Mpaka leo linaniuma.

Solomon, msukuma vitanda wetu hospitalini, alimpinga waziwazi: “Sista, kunusa gundi ni mambo ya chokoraa kule nyumbani. Wetu wanakula, wanashiba, kila mtu na chumba chake.”

“Na chumba kina mlango, Baba Fiona.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Sumu ile, alieleza, huufanya moyo uwe mwepesi kushtuka. Mtoto akifokewa au akikimbizwa wakati huo, moyo unaweza kusimama, hata kama ni mara yake ya kwanza. “Najua mikono huwawasha. Wekeni mkanda kando, nyamazeni kwanza. Semeni naye polepole, mpeni hewa safi, pigeni 911.”

Februari hii Solomon aliingia gereji akamkuta Fiona, miaka kumi na minne, ameegemea tairi, kopo mdomoni. Kopo alilinunua baba mwenyewe, akijisifu kwamba binti anatunza kompyuta ya shule. Mnaijua sauti ya Solomon. Siku hiyo alifungua mlango mkubwa, baridi ikaingia, akaketi sakafuni, 911 sikioni, akamwambia binti yake polepole: “Mama, baba yuko hapa.” Haika ndiye aliyewapokea hospitalini. Moyo wa mtoto ulirukaruka saa nne nzima kabla ya kutulia.

Nimewauliza wazazi thelathini na wanane wa mkutano ule. Ishirini na sita wana kopo kama hilo nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyejua limebaki kiasi gani.

Asante, Sista. Ulale usiku kama watu wengine, na Mungu akupe afya na wajukuu wa kukusumbua. Maua leo atakukabidhi Fiona. Aliomba mwenyewe, na aliomba kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza chake cha kila siku.