Zahanati Iliyohama Mgongoni mwa Maksai

Risala ya wakazi wa Vukoni, Garsen, kwa Bwana Mkaguzi wa Mali ya Serikali, mwaka 1956. Imesomwa na Tamar Ngumbao, mwalimu wa kijiji.

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi,

Karibu. Umevuka Garsen kwa kivuko cha kamba, ukaliacha gari pale udongo mweusi ulipolikatalia, ukaja kwa miguu. Viatu vyako vimejaa tope letu, na aliyekwisha kupakwa tope la Tana hapa haitwi mgeni tena. Hata hivyo heshima haiuzwi, kwa hiyo leo tutakuita mgeni na kukwambia kama wasemavyo wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunalisema neno hilo tukiwa ndani ya zahanati, lakini kupona tunakokutaka si kwa homa.

Tumefurahi kwamba Serikali inakagua mali yake. Wako watu wanaomkimbia mkaguzi. Sisi tulikuwa tunamngoja. Jengo hili lilitokana na kodi. Mkulima aliuza mpunga, mfugaji akauza fahali aliyempenda, na fedha zikaingia kwenye mfuko mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kagua, Bwana, wala usituonee haya.

HISTORIA YA ZAHANATI

Zahanati hii haikujengwa hapa. Ilijengwa ukingoni mwa mto, mahali walipopapenda mafundi wa Serikali kwa sababu palikuwa na upepo mzuri. Wazee walinong'onezana kwamba Tana haulali kitanda kimoja, mwaka huu hulala huku na mwaka mwingine kule. Lakini anayekujengea nyumba humfundishi pa kuweka mlango, basi wakanyamaza. Tukapata kuta za udongo, paa la mabati, na sakafu ya saruji ambayo watoto walikuja kuilalia mchana kwa ubaridi wake.

Tukaletewa pia dresa, mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa, Philemon Kadenge, kijana wa Ngao, mpole hata kuku wanamzoea.

Miongoni mwa waliofika kwake alikuwa Qabale, mama mfugaji wa Kiorma kutoka upande wa Minjila. Hakuja kwa kupenda. Alimleta binti yake Darmi, mjamzito, aliyeshikwa na homa hata asimtambue mamake. Qabale aliitazama nyumba ile na hakuipenda hata kidogo. Nyumba isiyoweza kufunguliwa na kupakiwa aliiona mtego. Akakataa kuingia, akakaa nje chini ya dirisha, na kutoka pale akamwona Philemon akimnywesha Darmi uji kwa kijiko, akimpangusa jasho, akimbembeleza kwa jina la dada. Darmi akapona na kujifungua salama. Qabale hakujaliwa mtoto wa kiume. Tangu siku hiyo alimletea Philemon maziwa, na akimtaja kwa watu husema "kijana yangu", na hakuna aliyethubutu kumwuliza amemzaa lini.

MAFANIKIO YETU

Bwana Mkaguzi, risala nyingine hapa hutaja madarasa na visima. Sisi tuna fanikio moja tu, nalo ndilo lililotutia matatani.

Mafuriko yalipokuja, Philemon hakuwapo. Alikuwa amempeleka mgonjwa hospitali ya Ngao kwa mtumbwi. Mto ukaanza kuumega ukingo, na asubuhi tukakuta ufa nyuma ya ukuta wa zahanati, unaingia mkono mzima. Wanaume wetu walisimama wakibishana. Mmoja alisema hii ni nyumba ya Serikali, nani atang'oa msumari wake? Mwingine alisema aitwe chifu. Chifu alikuwa ng'ambo na maji yalikuwa yamefunika njia, lakini ubishi haukwisha, maana ubishi haugharimu kitu.

Qabale akatokea na maziwa yake. Kwao Waorma mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba, ndiye huivunja, ndiye huipakia juu ya maksai malisho yakiisha. Nyumba kwake ni kitu cha kusafiri. Alitusikiliza kidogo, akauangalia ufa, akaweka kibuyu chini.

"Mto nakula nyumba, nyinyi naongea," alisema. "Nyumba ya dawa iko na miguu ya ng'ombe. Leteni kamba."

Wanawake wa Kiorma wakapanda juu ya paa na kulifungua bati kwa bati. Wanawake wa Kipokomo, wakulima wa hapa mtoni, wakashika milango, madirisha na nguzo. Ilipobidi kupita kwenye mashamba ya migomba yaliyozama, mitumbwi ilibeba. Ilipopatikana nchi kavu, maksai walibeba. Unajua, Bwana, ya kwamba wakulima na wafugaji hapa hugombana kila mwaka juu ya njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Siku ile ng'ombe walipita katikati ya mashamba na hakuna aliyeinua fimbo. Chupa za dawa zilisafiri ndani ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa, na mpaka leo kwinini yetu inanukia moshi. Picha ya Malkia aliibeba Qabale mwenyewe, ameifunga kwa ngozi ya ndama, na haikuingia tone.

Jioni ukingo ukaanguka. Kama nyumba ingekuwa pale ingekwenda nao.

Philemon aliporudi na mtumbwi wake akakuta maji matupu. Alikaa ndani ya mtumbwi akalia, akidhani kila kitu kimekwisha. Qabale akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto, akamleta huku juu ambako nguzo zilikuwa zimekwisha kusimama. Akalia tena, safari hii kwa sababu nyingine, na sisi tukalia naye.

Inua macho uyaone mabati, Bwana. Yote yapo. Jengo limeinama kidogo upande wa kusini, hilo tunalikiri. Akina mama wamezoea kujenga mviringo, na pembe ziliwashinda. Kuta tulizikandika upya kwa udongo wa hapa. Kilichokosekana ni sakafu. Sakafu tuliishika, tukaivuta, tukaiomba, ikakataa. Imebaki mtoni.

YANAYOTUSIKITISHA

Mwezi uliopita alikuja karani wa ukaguzi. Hatumlaumu, alifuata kazi iliyomleta. Aliambiwa akague zahanati iliyo ukingoni, yenye sakafu ya saruji, akakuta nyingine, juu ya kilima, yenye sakafu ya udongo na imekwenda upande. Akaingia na Philemon ndani, wakasemezana kwa Kiingereza. Sisi tulikuwa nje tukichinja kuku wa mgeni. Kuku hajaiva, Philemon akatoka katikati ya askari wawili, akatupungia mkono kama anayekwenda safari fupi.

Chifu ndiye aliyetueleza baadaye. Karani aliuliza ni nani aliyebomoa jengo la Serikali bila ruhusa. Philemon alijibu, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa."

Hakumtaja Qabale. Hakusema kwamba hakuwapo. Alijua kwamba aliyebomoa mali ya Serikali anaweza kufungwa, na aliona afadhali akafungwe yeye kuliko mama yule. Sasa yuko mahabusu bomani akingoja neno lako. Zahanati tuliyoiokoa haina mtu. Dawa zipo, na wagonjwa wapo, lakini mkono wa kuwanywesha haupo. Tunaumia, Bwana, wala hatuoni haya kusema.

Qabale wakati ule alikuwa mbali, amefuata malisho. Alirudi juzi na maziwa yake, akaukuta mlango umefungwa kwa kamba. Tulimweleza yote. Aliketi palepale chini ya dirisha, kama siku za ugonjwa wa Darmi, mpaka jua likazama.

MAOMBI YETU

Ombi la sakafu tunaliweka kando. Udongo tunaujua, utatutosha.

Tunaomba Serikali isiache kukagua, ila mkaguzi akija aulize pia mto ulikuwa wapi.

Tunaomba uandike kwamba aliyeivunja nyumba ni sisi sote, wakulima na wafugaji wa Vukoni, na kwamba Philemon Kadenge alikuwa Ngao na mgonjwa. Daktari wa kule atashuhudia. Kama kuna faini, tutachanga.

Ombi la mwisho si letu, ni la mtu mmoja, na ametuomba tulisome kwa sababu Kiswahili chake, anasema, hakifiki kwa wakubwa.

Ulipokuwa unaingia, Bwana Mkaguzi, ulimpita maksai amesimama mlangoni na mzigo wa fito na mikeka. Pengine ulidhani ni wahamaji wanaopita. Ile ni nyumba ya Qabale. Ameivunja leo alfajiri kwa mikono yake na kuipakia. Amesikia kwamba utarudi bomani, naye anataka kufuatana nawe. Tulipomwuliza anakwenda kufanya nini alijibu, "Serikali nataka mtu aliyevunja. Mtu ni mimi. Wakimwacha kijana yangu, mimi nakaa ndani. Wakikataa, nyumba yangu nasimama mlangoni kwake, mimi napika maziwa, yeye nakunywa."

Tumempa kiti, amekataa. Mwanamke ambaye nyumba yake iko juu ya ng'ombe haketi mahali. Amesimama pale nje tangu asubuhi, mkono wake shingoni mwa maksai, na ni mama mzima, Bwana, miguu yake si ya jana.

Kwa hiyo hatuombi jambo kubwa. Tunaomba ukimaliza kukagua utoke uende pale mlangoni, umwambie Philemon anarudi lini. Yeye atajua la kufanya. Ukiona ameanza kufungua kamba, ujue tumepona.

Mwenyezi Mungu, anayeombwa hapa msikitini na kanisani na chini ya anga tupu, akuvushe salama Garsen, akupe maisha marefu na moyo wenye kuona.

Ni sisi, wakulima na wafugaji,
Wakazi wa Vukoni,
tunaosubiri ng'ombe ashushwe mzigo.