Koplo Mwanamkuu na Jalada la Badria

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu haina upole. Mnisamehe. Jumanne tulimzika Koplo Mwanamkuu Mbaruku, mpelelezi wa makosa ya mtandao hapa Kariakoo. Presha ilimwangusha akiwa kazini. Miaka arobaini na sita tu.

Mwaka juzi Badria, fundi cherehani, aliingia kituoni akilia. Mtu alikuwa amechukua sura yake, akaibandika kwenye picha ya uchi, kisha akairusha kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara. Mumewe akamrudisha kwao. Wateja wakamcheka mbele ya uso wake.

Pale kaunta askari wakapokezana simu yake. Wakaangalia. Wakacheka.

"Mama, futa tu hiyo picha, yataisha," mmoja akasema.

Mwanamkuu akampokonya simu. "Huyu ni mlalamikaji, si sinema!"

Akamgeukia Badria. "Usifute kitu, mdogo wangu. Huo ndio ushahidi wetu."

Mwanamkuu hakuwa na kompyuta. Narudia: mpelelezi wa makosa ya mtandao hakuwa na kompyuta! Alichapisha ushahidi kwenye duka la steshenari, akiikinga mashine kwa mwili wake ili watu wasichungulie.

Laini ya simu iliyotumika kuirusha picha ilisajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa Buguruni. Mwanamkuu akamfuata.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuulizia picha iliyorushwa WhatsApp kwa laini yako."

"Marahaba, mwanangu. Huyo WhatsApp ndiye nani?"

Bibi alikumbuka kitu kimoja tu: msajili wa laini alimwambia aweke kidole mara mbili. Laini ya kwanza alipewa yeye. Ya pili iliuzwa. Msajili alipobanwa akamtaja mnunuzi: Theophil, muuza vitambaa ambaye Badria alimkataa.

Theophil akakamatwa. Wiki mbili baadaye, jalada la kesi likapotea. Ndani ya kituo cha polisi!

Dada yake Mwanamkuu, Bi Sitara, anasema: "Siku hiyo hakula. Aliniambia, 'Dada, limepotea kabatini kwetu, si baharini.' Kisha akachukua kalamu, akaanza upya, ukurasa wa kwanza."

Aliliandika lote upya. Akawarudia mashahidi wote, mmoja mmoja. Mwezi uliopita alisimama mahakamani asubuhi nzima, wakili wa Theophil akimchokonoa, naye hakuyumba. Theophil yuko jela.

Wiki tatu baadaye Mwanamkuu akafariki. Kiti chake hakijapata mtu. Juzi binti mwingine alikwenda kituoni na malalamiko kama yale yale. Akaambiwa afute picha.

Pole, Bi Sitara. Poleni wanawe. Pole, Badria, uliyempoteza mtu aliyekuamini. Mungu amrehemu Koplo Mwanamkuu.

Wakubwa wa vituo, mmesikia. Nasi tujitazame, wasikilizaji. Theophil aliirusha picha ile kwenye grupu moja. Nasema moja. Jioni ile ile ilikuwa imefika Jangwani, Mnazi Mmoja, hadi kwa wazazi wa Badria. Huko kote haikupelekwa na Theophil.

Tuliipeleka sisi.