Waliokuja Kuchaji

Mshonaji aliyekaa nyuma ya abiria wawili kwenye treni alikuwa amefumba macho, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Kijana wa dirishani alikuwa mmisionari, na dereva mstaafu aliyekaa karibu naye hakumpa hata nafasi ya kumeza mate.

"Mtumishi, mwaka wa pili huu uko kule. Umepata waumini wangapi?"

"Bado, mzee wangu. Ila Jumapili kanisa linajaa."

"Linajaaje bila waumini?"

"Ni sisi tu wenye umeme. Watu wanakuja kuchaji simu. Zikijaa, wanachomoa na kwenda zao. Juzi nilisema amina nikaiitikia mwenyewe."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mshonaji aliuma mtandio wake, maana aliyelala hacheki.

"Mwanangu, huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Rudi nyumbani, mama yako anakungoja."

Kijana alitazama nje kidogo. "Nilishafungasha, mzee. Halafu Jumapili iliyopita simu ya mama mmoja ikajaa katikati ya mahubiri. Akaichomoa, akaitia mkobani, akarudi kukaa. Mpaka mwisho."

"Labda nje kulikuwa na mvua."

"Ilikuwepo," kijana alikiri. "Ndogo."

Treni ilisimama. Kijana akavuta mfuko wake kutoka chini ya kiti, akaaga kwa adabu. Mshonaji alifumbua jicho moja kuchungulia: mfukoni mlikuwa na ekstensheni mpya ya umeme, ndefu, yenye matundu mengi.